Kalenda moja ya kazi kwa timu nzima, simu tofauti apu tofauti: fanya hivi

Kila wiki lazima mtu anifuate WhatsApp na swali lile lile, "nimeandika kazi kwenye kalenda mbona mwenzangu haioni", au "nimemshea bosi kalenda anasema kwake hamna kitu", na mimi naishia kutuma voisi noti nne ndefu ambazo hakuna anayezisikiliza mpaka mwisho. Kwahiyo nimekaa nikaandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Mimi nashika ratiba ya timu ndogo ya picha na video hapa Dar: harusi, sendofu, kicheni pati, na katikati ya wiki semina za maofisi. Tuko sita na hakuna wawili wenye simu zinazofanana. Mpiga picha wetu mkuu ana iPhone, dereva ana Android ya kawaida tu, na mtu wa mahesabu anaishi kwenye Outlook (apu ya Microsoft ya imeli na kalenda) kwa sababu mchana ameajiriwa sehemu nyingine. Mifano yangu itatoka huko, ila ukiwa na saluni, kliniki au shule ya udereva mambo ni yale yale.

Nilijifunza haya kwa aibu. Tulichukua harusi mbili Jumamosi moja, moja Mbezi nyingine Kigamboni, kwa sababu bukingi moja ilikuwa kwenye kalenda ya timu na nyingine msaidizi wetu aliiandika kwenye kalenda iliyokuja na simu yake, ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Yeye aliiona, sisi hatukuiona. Tulikodi watu wa haraka kwa bei ya haraka, faida yote ikaenda na maji.

Kitu kimoja tu nataka ukishike kabla hatujaanza, maana ndicho kinachowachanganya watu wengi: tukio ambalo wenzako wataliona halikai kwenye simu wala kwenye apu, linakaa kwenye akaunti. Apu inakuonyesha tu kilichoko kwenye akaunti. Kwahiyo swali la kujiuliza kila siku sio "nimeandika kwenye apu gani", ni "nimeandika kwenye akaunti gani na kalenda ipi". Ukilijibu hilo, nusu ya matatizo yameisha.

Natumia Kalenda ya Google hapa kwa sababu karibu kila mwenye Android tayari ana akaunti ya Gmail, hata yule asiyejua kama anayo (aliifungua fundi siku anamnunulia simu, na paswedi anayo fundi).

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Akaunti moja ya Google ambayo ndiyo itamiliki kalenda. Kama unaweza, fungua mpya kabisa ya kazi. Usitumie ya mfanyakazi. Siku akiondoka anaondoka na kalenda.
- Paswedi ya hiyo akaunti, na namba ya simu ya kuthibitisha ambayo bado iko hewani. Laini iliyofungwa itakutesa.
- Kompyuta. Ya kuazima sawa, ya intaneti kafe sawa pia ila ukimaliza utoke kwenye akaunti. Nasema kompyuta kwa sababu mambo ya kushea na kuongeza kalenda kwa linki kwenye apu ya simu yanasumbua, utazunguka usikione unachokitafuta. Ni mara moja tu, baada ya hapo simu inatosha.
- Imeli za wenzako wote, zilizoandikwa sawasawa. Waambie wakutumie kwa meseji ukopi na kupesti. Usiandike kwa kusikia, kuna mmoja hapa jina lake lina "h" ambayo hakuna anayeitamka.
- Bando kidogo. Kalenda haili data nyingi.

Majina ya vitufe nitayataja kwa Kiswahili, kama simu yako iko kwa Kiingereza fuata mahali kilipo na alama yake, utakikuta.

Hatua ya 1: Tengeneza kalenda mpya, usishee ya kwako

Fungua brauza kwenye kompyuta, nenda calendar.google.com, ingia kwa akaunti ya kazi. Upande wa kushoto chini utaona kalenda zako, alafu sehemu ya kalenda nyingine yenye alama ya kujumlisha. Bonyeza hiyo alama, chagua kutengeneza kalenda mpya, ipe jina linaloeleweka. Yetu inaitwa KAZI, basi. Zile za "Team Schedule 2 mpya final" achana nazo.

Kosa ninaloliona hapa kila siku: mtu anashea kalenda yake kuu, ile yenye jina lake. Matokeo yake timu nzima inajua lini anaenda kwa daktari wa meno na lini ni kikao cha ukoo. Na ukishashea hiyo alafu ukaanza kuficha tukio moja moja, utasahau tu.

Hatua ya 2: Rekebisha saa kabla hujaandika kitu

Kwenye mipangilio ya jumla (alama ya gurudumu lenye meno, juu kulia) hakikisha saa za eneo ni GMT+03:00, Saa za Afrika Mashariki. Ukikuta imeandikwa Nairobi usishtuke, Dar, Nairobi na Kampala zote ni saa moja. Alafu fungua mipangilio ya hiyo kalenda mpya yenyewe uhakikishe nayo iko hivyo hivyo, kwa sababu inaweza kuwa na saa zake tofauti na za akaunti.

Hapo hapo washa mfumo wa saa 24, yani isome 15:00 badala ya 3:00 ya mchana. Ukifika hatua ya 9 utaelewa kwanini naliweka hili mwanzoni.

Pia unaweza kuchagua wiki ianze siku gani: Jumamosi, Jumapili au Jumatatu. Mimi nimeweka Jumamosi, kwanza kwa sababu ndio siku yetu kubwa ya kazi, pili ndivyo Kiswahili chenyewe kinavyohesabu, Jumamosi ndio mosi. Sio lazima.

Hatua ya 3: Shea, na chagua vizuri nani anaweza kufanya nini

Peleka mshale juu ya jina la kalenda KAZI, vitatokea vidoti vitatu, bonyeza, ingia kwenye mipangilio na kushiriki. Shuka mpaka sehemu ya kushea na watu maalum, ongeza imeli ya mtu, alafu chagua ruhusa yake. Ziko za aina nne:

1. Kuona tu kama una nafasi au huna, bila maelezo. Hii nampa mwenye ukumbi tunayefanya naye kazi, anajua Jumamosi tumejaa, hajui ni kwa nani.
2. Kuona maelezo yote. Hii ni ya dereva na wapiga picha.
3. Kubadilisha matukio. Hii ni ya msaidizi wangu, yeye tu.
4. Kubadilisha na kusimamia kushea, yani anaweza kuongeza na kutoa watu. Hii ni yako, na labda mtu mmoja unayemwamini, kwa siku utakayougua.

Watu wanapenda kumpa kila mtu namba 3 ili "kusiwe na usumbufu". Usifanye hivo. Mwenye namba 3 akifuta tukio kwenye simu yake limefutika kwa wote, na kuna mtu atafuta tu, akidhani anapunguza vitu kwenye simu yake. Sisi tuna waandishi wawili, wengine wote wanasoma. Mpiga picha akipata kazi anatuma meseji kwa mmoja wetu na inaandikwa. Inaonekana kama urasimu ila tangu tufanye hivi hatujagonganisha kazi tena.

Onyo: juu ya hiyo sehemu ya watu kuna kiboksi cha kuifanya kalenda iwe ya umma. Usikitiki. Ukikitiki mtu yeyote duniani anaweza kuiona na hata kuikuta kwa kusechi, na humo umeandika nyumbani kwa bibi harusi, namba yake na siku ambayo familia yote haitakuwa nyumbani. Fikiria hiyo tu.

Na mteja usimshee kalenda. Mteja unamwalika kwenye tukio lake moja kwa kuweka imeli yake kwenye sehemu ya wageni wa hilo tukio. Anaona lake tu. Wengi wanachanganya kushea na kualika: ukishea anaona kalenda nzima, ukialika anapata tukio moja.

Hatua ya 4: Mwenzako lazima akubali

Hapa ndipo 'nimemshea haoni' inapotokea mara nyingi. Ukishashea, mwenzako anapokea imeli yenye linki ya kuiongeza hiyo kalenda kwake, na asipoibonyeza kalenda haitokei. Imeli yenyewe wakati mwingine inaangukia kwenye spamu, na watu wengi hapa hawajafungua Gmail yao tangu wanunue simu.

Kwahiyo mpigie, mwambie afungue Gmail akiwa mbele yako au kwenye simu, atafute jina lako, abonyeze linki. Pia angalia ameingia na akaunti ipi: mtu ana Gmail mbili kwenye simu, umeshea na ile ya kwanza, yeye anaangalia ya pili, mnagombana bure.

Hatua ya 5: Kwa wenye Android

1. Ingia Mipangilio ya simu, sehemu ya akaunti, chagua akaunti ya Google, ingia kwenye kusawazisha (wengine mnasema kusinki, ni kitu kile kile). Hakikisha Kalenda imewashwa.
2. Weka apu ya Kalenda ya Google kama haipo. Kuna simu zinakuja na apu yao ya kalenda, sio mbaya, inaweza kuonyesha matukio ya Google pia, ila ndio hiyo hiyo iliyotuponza sisi: ukiandika tukio jipya inaweza kulisevu kwenye kalenda ya simu tu.
3. Ndani ya Kalenda ya Google bonyeza vimistari vitatu juu kushoto, shuka uone KAZI ipo na imetikiwa. Kama haipo ingia mipangilio ya apu, itafute chini ya akaunti husika, iguse, washa kusawazisha.
4. Unapoandika tukio, kabla ya kusevu angalia jina la kalenda lililoandikwa pale. Likiwa ni jina lako au imeli yako badala ya KAZI, liguse ubadilishe. Kila mara. Ndio kosa namba moja kwa anayeandika.

Simu za Android zenye kiokoa betri kikali zina tabia ya kuziua apu zisifanye kazi nyuma ya pazia. Dereva wetu alikuwa anaona kazi mpya pale tu anapofungua apu mwenyewe. Ingia Mipangilio, apu, Kalenda, betri, uiruhusu itumie betri bila kizuizi. Na zile apu za "kusafisha simu" zinazozima kila kitu kila dakika tano, mimi ningezitoa kabisa.

Hatua ya 6: Kwa wenye iPhone

Njia rahisi: pakua apu ya Kalenda ya Google, ingia na akaunti yako, kalenda uliyoshewa utaiona hapo hapo. Mwisho. Kama hupendi mambo mengi ishia hapo.

Njia ya pili ni kwa anayetaka kutumia kalenda ya Apple iliyokuja na simu. Ingia Mipangilio, Kalenda, akaunti za kalenda, ongeza akaunti, chagua Google, ingia, uache Kalenda imewashwa. Kwenye matoleo mapya ya iOS, kuanzia la 18, Kalenda utaikuta ndani ya sehemu ya Apu. Ukimaliza utafurahi, alafu utagundua unaona kalenda yako tu, ya timu haipo.

Dawa yake wengi hawaijui: fungua brauza, nenda calendar.google.com/calendar/syncselect, ingia na akaunti ile ile. Utaona orodha ya kalenda zote na viboksi. Tiki KAZI, sevu. Rudi kwenye kalenda ya simu, ivute chini ijirefreshi, subiri dakika chache. Hiki kitu kimenipotezea jioni nzima mara ya kwanza.

Mawili ya ziada kwa iPhone. Kuna mpangilio wa kalenda ya chaguo-msingi, yani tukio jipya linaenda wapi usipochagua; kama wewe ni mwandishi wa kalenda ya timu weka KAZI, la sivyo matukio yatakuwa yanaenda iCloud (akaunti ya Apple) na Android haziyaoni. Na pia kalenda ya Google kwenye apu ya Apple haisukumwi palepale, simu ndiyo inaenda kuchukua kila baada ya muda, kwahiyo kwenye sehemu ya kuleta data mpya weka dakika 15 kama betri inaruhusu.

Hatua ya 7: Kwa mtu wa Outlook

Inategemea Outlook ipi. Apu ya Outlook ya simu unaongeza akaunti ya Google na kalenda zinakuja. Outlook mpya ya Windows nayo inakubali akaunti ya Gmail pamoja na kalenda yake. Outlook ya zamani ya kompyuta ukiongeza Gmail inaleta barua tu, kalenda haiji, kwahiyo huyo unampa linki.

Kwenye kompyuta, mipangilio ya kalenda KAZI, shuka chini sehemu ya kuunganisha kalenda, utakuta anwani ya siri ya iCal, linki ndefu inayoishia na .ics. Kopi, mtumie. Yeye kwenye Outlook anachagua kuongeza kalenda, alafu kujiunga kutoka kwenye wavuti, anapesti, anaipa jina.

Zingatia mambo matatu hapo. Moja, hiyo linki haina paswedi, mwenye nayo anaona kila kitu, usiibandike kwenye grupu. Mbili, kwa linki anasoma tu, hawezi kuandika. Tatu, haisomi palepale, inaweza kuchukua saa kadhaa, wakati mwingine hadi kesho yake. Kwa mtu wa mahesabu inatosha, kwa dereva haitoshi.

Ukitaka kinyume chake, yani kalenda ya Outlook ionekane kwenye Google, kwenye Outlook ya wavuti kuna sehemu ya kalenda zinazoshewa yenye kuchapisha kalenda, inakupa linki ya .ics, unaipeleka kwenye Google kwa ile alama ya kujumlisha, chagua kutoka kwenye URL (yani linki). Google wenyewe wanasema mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 12 kuonekana. Kama Outlook ni ya ofisi, msimamizi wa mitambo anaweza kuwa amezuia kuchapisha nje, hapo huna ujanja, kamuombe.

Onyo kubwa: usichanganye kujiunga kwa linki na kuingiza faili. Ukidaunilodi faili la .ics na kuliingiza, umepata kopi ya leo tu. Kesho kikibadilika kitu huko kwako hakibadiliki. Nimeona mtu anaingiza faili upya kila Jumatatu akidhani ndio kusawazisha, na kila tukio analo mara tano.

Hatua ya 8: Jaribu kabla hujaiamini

Andika tukio la uongo, mfano "JARIBIO futa baadae", kesho 10:00. Kila mtu atume skrinishoti kwenye grupu. Alafu lihamishe liwe 14:00, mtume tena. Alafu lifute, mhakikishe limetoweka kwa wote. Usiishie kwenye kuandika tu, kwa sababu kuna mtu tukio jipya ataliona ila badiliko halioni, na kwenye kazi zetu mabadiliko ndio yanayoumiza, mambo ya kamati ya harusi unayajua.

Na kitu ambacho hakisafiri pamoja na kalenda: kengele ya kukumbusha. Ukiweka ikukumbushe saa moja kabla, hiyo ni yako peke yako. Kila mtu aingie kwenye mipangilio ya KAZI kwake aweke arifa zake. Dereva ameweka mbili, jioni ya siku moja kabla na asubuhi yenyewe. Vilevile zile kazi za kutiki zinazoonekana kwenye kalenda hazishewi, usiandike shughuli ya timu huko.

Hatua ya 9: Kubalianeni namna ya kuandika saa

Hii hakuna mwongozo wa Google utakaokuambia. Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mteja anasema "sendofu saa 12 jioni", msaidizi anaandika 12:00, kalenda inaelewa ni mchana, watu wanafika ukumbini wanakuta wapambaji bado wanafunga vitambaa. Au "saa 3 asubuhi" inaandikwa 3:00, ambayo ni alfajiri ya watu wamelala, na kengele ya saa moja kabla inalia saa 8 usiku.

Sheria yetu:

1. Sehemu ya muda inaandikwa kwa saa 24 tu. Saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 12 jioni ni 18:00, saa 2 usiku ni 20:00. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni unajumlisha 6. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku unajumlisha 18.
2. Kwenye jina la tukio tunaandika saa ya Kiswahili kwa maneno. Mfano wetu: "SENDOFU Sinza, saa kumi na mbili jioni". Msomaji akiona maneno na namba haviendani anauliza kabla ya siku.
3. Usiku wa manane, kuwa makini sana. Saa 6 usiku ni 00:00 na tarehe imeshabadilika. Harusi ya Jumamosi inayoisha saa 8 usiku inaisha Jumapili 02:00. Ukisahau kubadilisha tarehe ya mwisho tukio litakataa kusevu au litakaa kiajabu.
4. Bukingi ambayo haijalipiwa advansi inaanza na neno SHIKILIA. Ikilipwa tunalifuta hilo neno. Rangi usizitegemee, kila mtu anaweza kubadilisha rangi ya kalenda kwenye simu yake na wengine wasijue.

Kuhusu sikukuu, kwenye Google unaweza kuongeza kalenda ya sikukuu za Tanzania kutoka zile za kuvinjari. Inasaidia, ila Idi inategemea mwezi kuandama, tarehe iliyoandikwa humo ichukulie kama makadirio. Sisi wiki ya Idi tunashikilia siku mbili.

Wateja walio nje

Tunapata harusi za watu walio Uingereza, Muscat, Lubumbashi, wanapanga kwa video. Hapa kwetu saa hazibadiliki mwaka mzima, Uingereza zinabadilika: London tunawazidi saa 2 kipindi chao cha joto na saa 3 kipindi cha baridi, wanageuza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Muscat wametutangulia saa 1 siku zote. Lubumbashi, Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu saa 1, na watu wanawasahau kabisa kwa sababu ni majirani.

Usipige hesabu kichwani. Andika kikao kwa saa ya kwetu, mualike kwa imeli yake, kalenda yake itamwonyesha saa ya kwake. Na wewe ukisafiri ukaona ratiba yote imesogea, usianze kurekebisha tukio moja moja! Simu imebadilisha saa za eneo tu, ukirudi zinarudi. Ukirekebisha ndio unaharibu kwa wote.

Ikigoma

Mwenzako haoni kalenda kabisa. Uliza kwa mpangilio huu: alibonyeza linki ya imeli? Yuko akaunti ipi? Imetikiwa kwenye vimistari vitatu? Ana iPhone na anatumia apu ya Apple? Basi ni ile syncselect ya hatua ya 6.

Anaona "sina nafasi" bila maelezo. Ulimpa ruhusa namba 1, au akaunti yenu ni ya kampuni na msimamizi ameruhusu watu wa nje waone hivyo tu.

Tukio liko kwenye simu yako ila wengine hawalioni. Fungua calendar.google.com kwenye brauza uliangalie. Kama huko halipo, halijawahi kutoka kwenye simu: angalia kalenda uliyosevia. Kama lipo ila kwenye kalenda yako binafsi, lifungue kwenye kompyuta, hariri, badilisha kalenda iwe KAZI, sevu.

Kusawazisha kumekwama. Angalia bando, angalia kiokoa data, kisha angalia tarehe na saa ya simu yenyewe. Simu yenye tarehe ya uongo inakataliwa na seva (kuna watu wanarudisha tarehe nyuma kwa sababu ya gemu). Sasisha apu. Kufuta data ya apu iwe mwisho kabisa, na kabla ya hapo hakikisha kila tukio lako liko kwenye brauza, maana lisilokuwepo huko likifutwa limekwenda.

Kila tukio lipo mara mbili. Umeongeza kalenda hiyo hiyo kwa njia mbili, kwa kushewa na kwa linki, au uliwahi kuingiza faili. Ondoa moja.

Mtu amefuta kazi. Kwenye kompyuta, gurudumu la mipangilio, kuna pipa la taka. Vilivyofutwa vinakaa humo siku 30. Chagua kalenda KAZI, rudisha, na umshushe huyo mtu awe wa kusoma.

Kalenda ya iPhone imejaa "simu yako ina virusi". Sio virusi, ulibonyeza linki ukajiunga na kalenda ya matapeli. Ingia kwenye orodha ya kalenda, itafute chini ya zile za kujiunga, iondoe. Matukio yake usiyaguse.

Mfanyakazi ameondoka. Mtoe kwenye orodha ya kushea siku hiyo hiyo, na kama aliwahi kupata ile linki ya siri bonyeza kuiweka upya, ya zamani itakufa. Mtu wa Outlook utampa mpya, atalalamika kidogo.